Kiganja cha Mariamu

Siku ya nane tangu Shuruki arudi kwao na kinyongo, mumewe alikuja kumtaka radhi akiwa na vitu viwili: kilo mbili za mishabaki iliyochovywa shira na mama yake mzazi.

"Wamefika," alisema Bi Kauthari, mama yake Shuruki, akichungulia kwenye pazia la roshani. "Mumeo kavaa shati la bluu. Mama yake kavaa lile baibui lake la matanga."

"Mama, hilo ndilo lake la kila siku."

"Basi ana matanga kila siku. Haya, jikoni! Usitoke mpaka uitwe. Mke akitoka kabla ya kuitwa, watasema alikuwa kasimama mlangoni na mkoba."

Shuruki akaingia jikoni, akarudishia mlango, lakini hakuufunga. Aliacha upenyo wa vidole viwili. Mkoba wake, kusema kweli, ulikuwa tayari tangu juzi, umefichwa chini ya kitanda.

Kupitia upenyo ule alimwona Wagdi akiingia sebuleni, boksi la mishabaki kalikumbatia kama mtoto mchanga. Alikuwa amekonda. Nyuma ya sikio lake la kushoto palikuwa na vumbi la mbao, mahali palepale ambapo Shuruki alikuwa akimpangusa kila jioni kwa ncha ya mtandio. Siku nane hakuna aliyempangusa. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa. Patasi hiyo, aliwaza Shuruki. Patasi humkata akiwa na mawazo. Moyo ukamruka, akaushika kwa mkono kama mtu anayezuia kuku asitoke bandani.

"Karibu, Wagdi," alisema baba yake, Haji Mutawalli, ambaye alipiga vanishi samani za mji wa Dimyati miaka arobaini kabla mgongo haujamstaafisha. "Kaa kiti cha kushoto. Cha kulia mguu wake unacheza."

"Mguu ule niliuchonga mimi, baba."

"Ndiyo maana najua unacheza."

Wagdi akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekuja kuomba radhi, akaacha.

Bi Inshirahi, mama yake Wagdi, alijitengeneza kitini na baibui lake jeusi. Mumewe alikwishafariki, hivyo yeye ndiye baba na ndiye mama katika mambo kama haya, na alikuja amejiandaa. "Mama Shuruki, hatukuja kwa maneno mengi," alisema. "Tumekuja kuchukua amana yetu."

"Amana!" Bi Kauthari alijibu huku akimimina chai. "Amana mliichukua mpya, inang'aa. Imerudi imekwaruzwa. Hata kabati, Mama Wagdi, duka halipokei hivyo."

"Nani kamkwaruza? Mwanangu hajamnyanyulia mkono."

"Ulimi je? Ulimi hauna kucha?"

Jikoni, Shuruki alifumba macho. Ulimi ule aliukumbuka neno kwa neno.

Walikuwa na miaka minne ya ndoa. Yeye alikuwa mshonaji wa vitambaa vya makochi, na ndivyo walivyokutana: alipeleka mto wa velveti kwenye karakana ya Wagdi, ukawa mdogo kwa kiti. Akaurudisha, ukawa mkubwa. Mara ya tatu Wagdi akasema, "Binti, ama hujui kupima, ama unapenda kuja." Akaolewa.

Mtoto hakuja. Mwaka wa pili wakaenda kwa Daktari Nahidi, mwanamke mwenye miwani mikubwa na maneno machache, akawaeleza kwamba homoni za Shuruki zimepishana, mayai hayapevuki kwa wakati, yanabaki vijifuko vidogovidogo mahali pake. Ndiyo maana siku zake zilikuja kama mgeni asiyepiga hodi: mara miezi mitatu haonekani, mara kaja mara mbili kwa mkupuo. "Kuzaa unaweza," daktari alisema. "Yai lako linachelewa njiani tu. Tutalisukuma." Akamwandikia vidonge.

Vidonge vilimsokota tumbo. Akavinywa mwezi, akaviacha, akaficha boksi nyuma ya kopo la sukari, na hakumwambia mtu. Hapo ndipo mama wawili walipoingia, kila mmoja na mkoba wake. Bi Kauthari alileta majani ya bardakushi ya kupanga homoni na merimia ya kusafisha kizazi. Bi Inshirahi alileta habasoda, yansuni, mdalasini, na chupa ya kiganja cha Mariamu kutoka duka la mitishamba la sokoni. Na mama mwenye mapenzi hajui kijiko kimoja, wenzangu. Kikishindwa kimoja, huongeza cha pili.

Siku Wagdi alipofungua kabati kutafuta chumvi, alihesabu chupa kumi na nne. Nyuma ya sukari akakuta vidonge vya daktari.

"Shuruki," alisema, "unataka mtoto au unataka kufungua duka?"

"Nataka mtoto. Wewe hutaki?"

"Mimi nimechoka na huyu mtoto!"

Shuruki hakusubiri kusikia zaidi. Alichukua mkoba, akashuka ngazi, na sauti ya Wagdi ikabaki juu ikiita jina lake. Tangu siku hiyo, kila akilala, maneno matano yalikuwa yakimgonga kichwani kama nyundo: mimi nimechoka na huyu mtoto.

Na sasa, sebuleni, Wagdi aliweka boksi la mishabaki mezani na kukohoa.

"Baba, mama. Nilisema neno baya. Lakini lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili niliisemea ngazi."

"Imalizie basi, kijana," alisema Haji Mutawalli. "Siku nane sentensi imening'inia, itatuangukia."

Wagdi alitazama mlango wa jikoni. Alijua yuko pale. Shuruki alijua kwamba anajua. Akarudi nyuma nusu hatua, kisha akairudisha ile hatua.

"Nilitaka kusema, nimechoka na huyu mtoto ambaye hajazaliwa na tayari kaninyang'anya mke. Asubuhi nikimtafuta, yuko na sufuria. Jioni nikimwita, anachuja. Hatucheki tena. Zamani alikuwa akinipangusa vumbi hapa," akagusa nyuma ya sikio, "siku hizi anapita na glasi. Wallahi nataka mtoto. Namtaka mpaka nikiona kiatu kidogo dukani nageuza uso. Lakini mimi nilimwoa Shuruki. Akija mtoto, karibu. Asipokuja, bado nitakuwa nimemwoa Shuruki."

Jikoni, mwanamke mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia vyombo.

Haji Mutawalli alipenga kamasi kwa kelele. Bi Kauthari akaokota kisu na kuanza kukata mishabaki ambayo haihitaji kisu.

Bi Inshirahi ndiye aliyeharibu. "Maneno matamu," alisema. "Ila usimlaumu mwenzio kwa dawa, Wagdi, wakati wewe mwenyewe unakunywa uwatu mwaka wa pili sasa."

"Mama!"

"Mama nini? Vijiko viwili kila asubuhi, karakanani, ili asijue. Si mimi ninayekusagia?"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Shuruki alitoka bila kuitwa na mtu yeyote.

"Ile harufu ni yako?"

Wagdi alisimama. "Harufu gani?"

"Usiniulize harufu gani! Harufu ya uwatu! Mimi ninaoga mara tatu kwa siku! Nimebadilisha sabuni nne! Nimelaza mashuka kwenye siki! Nilidhani ni mimi, majani yananitoka kwenye ngozi, mume wangu ananusa jasho langu na ananyamaza kwa heshima!"

"Mimi nilidhani unanivumilia," alisema Wagdi. "Wateja wananiuliza kama nimefungua mgahawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unakunywa machungu kila siku peke yako." Alitazama kidole chake kilichofungwa. "Nikaona si vizuri mimi nikae tu ninakunywa chai ya sukari."

Walitazamana. Kisha Shuruki akaanza kucheka, Wagdi akafuata, wakacheka mpaka Haji Mutawalli naye akashika mgongo wake akilia kwa kicheko. Shuruki akasogea, na kwa ncha ya mtandio, mbele ya wazazi wote, akampangusa vumbi nyuma ya sikio. Bi Kauthari akageukia ukutani kwa adabu, ila alichungulia.

Mambo yangeishia hapo, watu wakala mishabaki wakaenda zao. Lakini akina mama hawawezi kuacha kitu kimekwisha.

"Basi vizuri," alisema Bi Inshirahi akifuta macho. "Akirudi atamalizia kiganja cha Mariamu changu. Nusu chupa bado ipo."

"Usijisumbue," alisema Bi Kauthari. "Kiganja cha Mariamu anakunywa hapa. Cha Makka, si cha sokoni. Marehemu mama yangu alikileta kutoka Hija."

"Mbegu za Makka ndizo hizihizi za sokoni, dada."

"Mbegu gani?"

"Mbegu za kiganja cha Mariamu. Punje nyeusi, kama pilipili manga. Za kupanga homoni."

"Mama Wagdi, kiganja hakina mbegu kama pilipili. Kiganja ni kiganja! Yule mwanamke wa kwenye televisheni alisema kiganja cha Mariamu kinapanga homoni, nikasema, ala! Si tunacho sandukuni miaka yote? Ninunue cha nini?"

"Nakuambia ni punje."

"Nakuambia ni ngumi! Ngoja."

Bi Kauthari akaingia jikoni, akatoka na bakuli la udongo lililokaa dirishani, akaliweka katikati ya meza, pembeni ya mishabaki. Ndani ya maji mlikuwa na kile kijimea cha jangwani ambacho kikiwa kikavu hufumba kama ngumi ya bibi kizee, na sasa, baada ya kulowa tangu alfajiri, kilikuwa kimefunguka chote, vidole vyake vyote vimetanuka.

"Haya," alisema kwa ushindi. "Huyo ndiye Mariamu wangu. Kila asubuhi glasi moja, siku nane."

Bi Inshirahi akavuta kiti karibu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Aliinama akatazama bakuli, na alipozungumza, sauti yake haikuwa tena ya kushindana.

"Hiki nilinyweshwa na mkunga," alisema, "siku niliyomzaa Wagdi. Walikiweka kwenye bakuli pembeni ya kitanda. Wakaniambia, kitazame, kikifunguka nawe utafunguka. Dada, hiki ni cha kufungua. Ni cha mwanamke aliyeshikwa na uchungu."

"Lakini jina ni hilohilo," alisema Bi Kauthari.

"Jina ni hilohilo."

"Basi hakuna neno," Bi Kauthari alisema haraka, "maana huyu hana cha kufungua. Hana mimba. Hana, sivyo?"

Bi Inshirahi akamgeukia mkwewe polepole. "Shuruki, mwanangu. Siku zako za mwisho lini?"

Haji Mutawalli akainuka kama mtu aliyechomwa sindano. "Wagdi, njoo nikuonyeshe roshani."

"Naijua roshani, baba."

"Njoo uione tena."

"Nabaki," alisema Wagdi. Haji akaenda kuitazama roshani yake peke yake.

"Sijui, mama," Shuruki alisema. "Mnanijua. Mimi miezi yangu haihesabiki."

"Hesabu kwa Ramadhani," alisema Bi Inshirahi. "Tumemaliza juzijuzi tu. Uliacha kufunga siku ngapi? Una siku ngapi za kulipa?"

"Sina."

"Huna vipi?"

"Nilifunga zote. Thelathini."

Nje, mashine ya randa ya karakana ya jirani ilinguruma ikaacha.

"Yarabi!" Bi Kauthari akajipiga kifua. "Nami nilijisifia kwa majirani! Nikasema binti yangu kafunga thelathini kama mwanamume! Jengo zima walisema mashallah! Wanawake wazima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina akili gani!"

"Hukupima?" Wagdi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimepima mara kumi na moja miaka hii, Wagdi. Kila mara mstari mmoja. Niliapa sipimi tena." Shuruki aliikunja ncha ya mtandio. "Na tangu juzi tumbo linanikaza chini. Mama akasema dawa inafanya kazi. Asubuhi nimeona doa la damu. Dogo. Nikajua ni siku zangu, nikafua, nikanyamaza."

Bi Kauthari alitazama bakuli. Alitazama vile vidole vilivyotanuka ndani ya maji, akakumbuka glasi nane, kila moja aliyompa kwa mkono wake na kumwambia "bismillahi, mwanangu, kunywa yote." Akachukua bakuli kwa mikono miwili, akaliweka chini ya meza, mahali ambapo haoni. Kisha akasema kwa sauti ambayo Shuruki hakuwahi kuisikia kwake: "Nimefanya nini?"

"Daktari anafungua baada ya Magharibi," alisema Wagdi, tayari ana funguo mkononi. "Twende tukamsubiri mlangoni. Na mikoba ya dawa ije. Yote. Mama, tutapitia nyumbani."

Gari lake lilikuwa pikapu, na nyuma ya pikapu kulikuwa na kochi la wateja wa mji wa Bursaidi, limechongwa tayari, limewekwa velveti nyekundu, linasubiri kupelekwa kwa bwana harusi. Mbele walitosha watatu: Wagdi, Shuruki na Haji mwenye mgongo. Akina mama hawakuwa na pengine. Wakapanda nyuma, wakakaa juu ya kochi la bwana harusi, na hivyo ndivyo walivyopita katikati ya soko la Dimyati, wanawake wawili juu ya velveti nyekundu, baibui zinapeperuka, chupa kumi na nne zinagongana mapajani. Watu walisimama kutazama. Muuza samaki mmoja akapaza sauti, "Mabibi harusi, mwaka huu mmechelewa!"

"Tazama mizani yako, mwizi wewe!" Bi Inshirahi alimjibu. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika wa Bi Kauthari, na hakuuachia mpaka walipofika.

Daktari Nahidi aliwaruhusu wote waingie, kwa sababu kuwazuia kungechukua muda zaidi. Bi Kauthari alipanga chupa mezani, moja baada ya nyingine, mpaka daktari akalazimika kuondoa simu yake.

"Hizi zote anakunywa nani?"

"Huyu," alisema Bi Kauthari. "Kwa mkono wangu. Na vidonge vyako kaviacha, na mimi sikujua, na ningejua huenda ningefurahi. Nasema ukweli leo."

Daktari alifungua chupa, akanusa, akafunga. Akafungua nyingine. Alipofika kwenye punje za Bi Inshirahi na kiganja cha Bi Kauthari, kimefungwa kwenye karatasi, bado kibichi kwa maji, aliuliza hivi ni nini.

"Kiganja cha Mariamu," walijibu wote wawili pamoja.

"Kipi?"

"Vyote."

Daktari alivua miwani. "Sikilizeni. Mimi sigombani na majani. Bibi yangu aliuza majani. Lakini hamniambii! Naandika dawa, nadhani namjua mgonjwa wangu, kumbe tumboni mwake kuna soko zima la Alhamisi. Hizi punje zinaweza kugusa homoni, ndiyo, kwa hiyo zinaweza kugongana na dawa yangu. Hiki cha kwenye bakuli kinafanya nini kwa mimba changa? Sijui. Hakuna anayejua kwa hakika. Na kitu ambacho mimi sikijui, wewe hukinywi. Tumeelewana? Panda kitandani, Shuruki."

Shuruki akapanda. Wagdi akasimama kichwani kwake, akamshika mkono kwa mkono wenye kitambaa. Ule ubaridi wa mafuta ya ultrasaundi tumboni ulimshtua. Alikataa kutazama kioo cha mashine. Alitazama dari, kisha akatazama uso wa mumewe, akaamua kwamba chochote kitakachosomeka, atakisoma pale.

Daktari alisogeza kile kifaa kushoto. Akakisogeza kulia. Akasimama. Alisimama muda mrefu mpaka Bi Kauthari akaanza kusoma Yasini chini kwa chini.

Kisha daktari akabonyeza kitufe, na chumba kikajaa sauti.

Ilikuwa ya haraka, ndogo, haichoki: tak-tak-tak-tak-tak. Uso wa Wagdi ulifunguka wote, macho, mdomo, paji.

"Nini hiyo?" Shuruki alinong'ona.

"Nyundo," alisema Wagdi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola ya shati la bluu. "Nyundo ndogo ya kuchongea maua. Shuruki, anachonga huyu. Wallahi anachonga!"

"Wiki saba," alisema daktari. "Moyo mzuri. Na mlango wa kizazi umefumba."

"Umefumba?" aliuliza Bi Kauthari.

"Umefumba vizuri."

Bi Kauthari akakaa chini sakafuni palepale, akalia kama mtoto. Bi Inshirahi akakaa pembeni yake, baibui la matanga na yote, akamkumbatia.

"Msiimbe bado," daktari aliwaonya. "Damu imeonekana, kwa hiyo apumzike, asibebe kitu, na wiki ijayo nimwone tena. Maji, chakula, na nitakachoandika hapa. Basi."

"Daktari," aliuliza Bi Inshirahi kwa upole, "ila ni ipi iliyoleta? Punje zangu, au bardakushi yake?"

"Hata mimi siwezi kukuapia. Mayai yake huchelewa, na mara mojamoja hufika yenyewe."

"Au uwatu," alisema Haji Mutawalli kutoka mlangoni.

"Haji, nenda kaangalie roshani," alisema Bi Kauthari kutoka sakafuni.

Waliporudi, akina mama walikaa tena juu ya kochi la watu wa Bursaidi, lakini sasa walimpungia mkono kila mtu. Mbele, Shuruki aliegemea bega la mumewe, akavuta pumzi, akainuka ghafla.

"Wagdi."

"Naam, roho yangu."

"Uwatu."

"Nimeuacha. Saa hii nimeuacha. Mungu shahidi."

Kwa Haji walisimama tu kuchukua mkoba, na Wagdi alipouona umefungwa tayari chini ya kitanda, una vumbi la siku mbili juu yake, alitabasamu mpaka sikioni. Shuruki akampiga ngumi ya bega.

Shuruki alipokuwa anapanda gari, Bi Kauthari alishuka ngazi mbio kama alivyofanya kila mara binti yake alipoondoka, ana chupa mkononi, kaifunga vizuri kwa kitambaa. Akaipitisha dirishani. Kisha mkono wake ukasita, nusu ndani nusu nje.

"Nini hicho, mama?" aliuliza Shuruki.

"Chumvi," alisema Bi Kauthari. "Ni chumvi tu, mwanangu, siku ile mumeo aliitafuta kabatini asiione." Akaitazama chupa, akaigeuza, akaivuta tena kwake na kuikumbatia kifuani. "Ila ngoja. Kesho nitampigia daktari kwanza nimuulize."